Phoenix ya Zamani au Baiskeli ya Gia ya Mtumba: Ipi Inatunzika Nyumbani?

Mtu anayetafuta baiskeli ya bei ya wastani katika miji mingi ya Tanzania hukutana na aina mbili zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ni ile nyeusi, ndefu, ya chuma tupu, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, ambayo wengi huiita Phoenix, kwa jina la chapa ya Shanghai, China, hata pale ilipotoka katika viwanda vya Hero au Avon vya Ludhiana, India, na ambayo Wakenya huifahamu zaidi kwa jina la Black Mamba. Ya pili ni baiskeli ya gia ya mtumba, aghalabu ya magurudumu ya inchi 26 yenye matairi manene, iliyoshushwa kutoka kwenye kontena ikiwa imekwisha kutumika Ulaya au Japani kwa miaka mingi. Muuzaji hatasahau kukusifia uimara wa ile na wepesi wa hii. Asichokueleza ni kazi itakayokusubiri uani kwako mvua za masika zikiisha.

Ulinganisho huu unahusu kazi hiyo tu. Kigezo ni kimoja: mwenye baiskeli, akiwa na vifaa vichache na muda wa jioni moja, anaweza kuiweka sawa kwa kiasi gani bila kuipeleka kwa fundi. Sigusi mwendo wala sura, na bei nimeiacha kwa sababu inabadilika kutoka soko moja hadi jingine. Msimamo wangu ni huu: Phoenix huchakaa polepole, tena kwa kelele, na karibu kila ugonjwa wake hutibika kwa spana na nyundo; baiskeli ya gia hufanya kazi vizuri zaidi siku zote ambazo iko sawa, kisha ikakwama kabisa siku kitu kimoja kidogo kinapokosekana dukani. Anayechagua anapaswa kujua anaweza kuvumilia usumbufu upi kati ya hiyo miwili.

Vipuri vinavyopatikana na vinavyosakwa

Umbo la Phoenix ni la Kiingereza. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, iliyoanzishwa katika miaka ya 1880, ilikuwa miongoni mwa walioeneza baiskeli ya aina hii katika makoloni, na viwanda vya Shanghai na Ludhiana vilipoanza kutengeneza za kwao vilibaki karibu na vipimo vilevile. Ndiyo maana pedali, kotapini (pini inayoishika krenki, yaani mkono wa pedali), raba za breki na mnyororo wa baiskeli iliyotengenezwa India huingia bila ugomvi katika iliyotengenezwa China, na ndiyo maana duka dogo la vipuri katika makao makuu ya wilaya, lenye rafu mbili tu, linaweza kukuuzia takriban kila kitu cha baiskeli hiyo.

Baiskeli ya gia haina bahati hiyo. Kila miaka michache watengenezaji wa Ulaya na Japani walibadilisha idadi ya meno, upana wa mnyororo, namna ya kufunga sproketi (magurudumu ya meno) za nyuma na umbo la funguo zinazohitajika kuzifungua. Baiskeli mbili zinazofanana kabisa kwa macho, zikiwa zimesimama pamoja kibandani, zinaweza kuhitaji vipuri tofauti. Kariakoo utapata vingi ukiwa na subira. Nje ya miji mikubwa, chanzo cha uhakika cha kipuri cha baiskeli ya gia huwa ni baiskeli nyingine ya gia iliyokufa, na wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo huzichinja na kuuza viungo.

Tofauti hii inaonekana pia katika vifaa vya kazi. Kwa Phoenix unahitaji ile spana bapa yenye matundu mengi, spana ya kurekebisha, bisibisi, plaizi, nyundo, funguo ya spoku na pampu. Baiskeli ya gia inadai hivyo vyote pamoja na seti ya funguo za pembe sita, hasa ya milimita 5, kifaa cha kusukumia pini ya mnyororo, kifaa cha kuvutia krenki na funguo ya friwili (sproketi ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga) yenye umbo linalolingana na friwili yako na si ya jirani yako. Gharama ya vifaa hivyo haiogopeshi kwa mtu anayekusudia kukaa na baiskeli miaka mingi, lakini ni vizuri uiongeze kwenye bei ya ununuzi kabla ya kusema kwamba mtumba ni rahisi.

Breki

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko popote, na hapa Phoenix inashindwa.

Ukibana breki ya Phoenix, fito za chuma huvutwa na upinde uliokumbatia gurudumu hupanda, kisha raba mbili hukandamiza uso wa ndani wa rimu, yaani ule unaotazama habu, kitovu cha gurudumu. Hakuna waya wa kukatika. Ili kuirekebisha, unalegeza nati ya kiungo cha fito, unausogeza upinde mpaka raba zibaki umbali wa milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu, unakaza, kisha unalizungusha gurudumu na kuangalia kama linagusa mahali popote. Kwa kuwa raba zinakandamiza kutokea ndani, gurudumu linaloyumba kushoto na kulia haliisumbui breki hii sana. Linaloiumiza ni lile lisilo duara, linalopanda na kushuka, kwa sababu raba zitagusa sehemu moja ya mzunguko na kuiachia nyingine. Jambo hili huwachanganya waliozoea baiskeli za gia: wanahangaika kunyoosha mnyumbuko wa pembeni na breki inabaki vilevile.

Breki ya nyuma ndiyo yenye matatizo zaidi. Nguvu ya mkono wako hupita katika fito ndefu inayoshuka na fremu, ikageuzwa kwenye kiungo kilicho karibu na krenki, kisha ikafika kwenye upinde wa nyuma. Kila kiungo njiani kina tundu na pini, na kila tundu lililopanuka kidogo linakula sehemu ya mvuto, mpaka mkono wa breki unagusa usukani kabla raba hazijagusa rimu. Wengi hulitatua hili kwa kukaza nati ya mwisho tu, na baada ya wiki mbili wanarudi palepale. Njia sahihi ni kumwomba mtu abane breki huku wewe ukikitazama kiungo kimoja baada ya kingine. Kile kinachocheza bila kusogeza kinachofuata ndicho chenye pini ya kubadilishwa.

Hata ukifanya yote hayo, rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa maji, breki hupungua nguvu kwa kiasi cha kutisha. Hakuna marekebisho yanayoondoa kasoro hiyo, kwa maana imo katika chuma chenyewe. Mwendeshaji mzoefu huzigusisha raba kidogo kabla ya mteremko ili kuikausha rimu, na hujipa umbali mrefu wa kusimama.

Breki za waya za baiskeli ya gia hubana pande mbili za rimu, ambayo mara nyingi ni ya alumini, na alumini iliyolowa hushika vizuri kuliko kromu iliyolowa. Aina ya V, ambayo Shimano iliingiza sokoni mwaka 1996, ndiyo rahisi zaidi kurekebisha nyumbani. Unafungua nati ya raba kwa funguo ya milimita 5, unaiweka raba ipige rimu tupu bila kugusa tairi juu wala kuning'inia chini, unaiachia ncha ya mbele itangulie kugusa kwa unene wa kadi ya simu ili breki isilie, unakaza. Mkono mmoja ukivuta zaidi ya mwenzake, skrubu ndogo iliyo chini ya kila mkono huongeza au kupunguza nguvu ya springi. Raba inayogusa tairi si jambo la kuahirisha, kwa kuwa inaweza kuukata ubavu wa tairi katika safari moja ndefu.

Baiskeli za kabla ya hapo zina breki ambazo waya wake hupita juu ya tairi na kuvuta mikono miwili kutoka katikati. Zinasimamisha vizuri, ila urefu wa waya ule wa juu ukikosewa, breki inakuwa laini na haishiki. Aidha, mkono wa breki wa aina hiyo ya kale hauvuti waya wa kutosha kwa breki ya V, kwa hiyo ukinunua mchanganyiko uliofungwa na mtu mwingine, hakikisha vitu hivyo viwili ni vya aina moja kabla ya kuanza kulaumu raba.

Adui wa breki za waya ni kutu ndani ya ganda. Ukibana na mkono ukarudi taratibu, waya umeanza kushika. Mafuta ya matone machache yanaweza kuuongezea muda, lakini waya mpya na ganda jipya havigharimu pesa nyingi na hupatikana karibu kila mahali.

Mnyororo, sproketi na gia

Phoenix inarudisha heshima yake hapa. Ina sproketi moja mbele na friwili moja nyuma, na marekebisho yake karibu yote ni kulisogeza gurudumu la nyuma mbele au nyuma katika nafasi ya fremu. Mnyororo unapaswa kucheza sentimita 1 hadi 2 ukiugusa katikati. Zungusha pedali taratibu na upime pale unapokaza zaidi, maana sproketi nyingi si duara kamili, na mnyororo uliopimwa mahali palipolegea utakuja kubana vibaya kwingine na kuumiza gololi za krenki. Mnyororo wenyewe hufunguliwa kwa plaizi, kwa kuondoa kibanio kidogo cha kiungo cha kuungia. Unapokirudisha, upande wake uliozibika utazame mwelekeo ambao mnyororo unakwenda, la sivyo kinaweza kuchomoka njiani.

Kupima uchakavu ni kazi ya rula, na inafaa kwa baiskeli zote mbili kwa sababu umbali kati ya pini ni uleule, nusu inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja na uangalie alama ya inchi 12. Katika mnyororo mzima, pini nyingine inakaa juu ya alama hiyo barabara. Pini ikiwa imeipita kwa sehemu ya 1/16 ya inchi, yaani milimita 1.6 hivi, mnyororo wa baiskeli ya gia unapaswa kubadilishwa mara moja, kwani ukiuacha mpaka ufike 1/8 utakuwa umekula na meno ya sproketi, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Phoenix inastahimili mpaka karibu 1/8, kwa kuwa meno yake ni mapana na mnyororo haulazimiki kuhamahama. Kinachotofautiana ni upana: wa Phoenix ni 1/8 ya inchi, wa gia ni 3/32 au mwembamba zaidi, na ule mpana hauwezi kupita katika mkono wa gia, yaani kile chuma cha nyuma chenye vigurudumu viwili kinachouhamisha mnyororo.

Kurekebisha gia si kugumu kama inavyosemwa, ila kunataka utaratibu. Weka mnyororo kwenye sproketi ndogo ya nyuma, waya wa gia ukiwa umelegea. Skrubu yenye herufi H huamua mkono unaweza kutoka nje mpaka wapi. Igeuze mpaka vigurudumu vya mkono viwe wima chini ya sproketi hiyo. Kaza waya bila kuuvuta kwa nguvu. Panda gia moja moja, na mnyororo ukisita kupanda, fungua kirekebishi cha waya nusu mzunguko kwa wakati, ukikizungusha kinyume cha saa, mpaka upande bila kusita. Mwisho nenda kwenye sproketi kubwa na uirekebishe skrubu yenye herufi L ili mkono usiweze kwenda ndani zaidi. Usiiache L bila kuiangalia. Ikiwa imelegea, siku utakayokanyaga kwa nguvu kupanda kilima mnyororo utaangukia kati ya sproketi na spoku, na unaweza kukata spoku kadhaa kwa pamoja.

Tatizo la mtumba ni kwamba skrubu haziponyi chuma kilichopinda. Baiskeli zilizolundikwa kontenani hulaliana, na sehemu ya fremu inayobeba mkono wa gia ndiyo inayoumia. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, utazame: vigurudumu viwili vya mkono vinapaswa kuwa mstari mmoja na sproketi iliyo juu yake. Vikiwa vimelalia upande wa spoku, gia hazitakaa sawa hata ukirekebisha mpaka usiku. Katika fremu ya chuma sehemu hiyo inaweza kurudishwa kwa uangalifu. Katika fremu nyingi za alumini ni kipande cha pekee kinachofungwa kwa skrubu, chenye umbo la fremu hiyo tu, na kukipata dukani ni bahati.

Nayo mikono ya kubadilishia gia, iliyo kwenye usukani, haifanani kwa utunzaji. Ile ya kale, inayosukumwa kwa kidole gumba bila kutoa mlio wa hatua, haifi kirahisi na haijali kama waya umerefuka kidogo, kwa kuwa unaisogeza mpaka usikie mnyororo umekaa. Ile ya kubofya yenye hatua mara nyingi hukwama kwa sababu grisi yake ya kiwandani imekauka. Mafuta mepesi ya kunyunyizia, yakipulizwa ndani mara kadhaa, huiamsha. Ile ya kuzungusha kwenye mpini, ya plastiki, ikichakaa hairekebishiki. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya kidole gumba, hata kama muuzaji anaiita ya kizamani.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wachache huifikiria. Habu nyingi za zamani za baiskeli ya gia, zile ambazo sproketi zake hujifungia zote kwa pamoja kwenye uzi, zina uzi wa inchi 1.37 wenye meno 24 kwa inchi, ambao ndio uzi wa kawaida wa friwili ya gia moja. Gia zikikushinda, unaweza kuondoa mikono na waya zote, ukafunga friwili moja, ukabaki na baiskeli nyepesi yenye breki nzuri na isiyo na cha kurekebisha zaidi ya mnyororo. Sharti ni kwamba nafasi za fremu ya nyuma ziwe za kulala kidogo ili gurudumu liweze kuvutwa nyuma. Zikiwa wima, huwezi kukaza mnyororo bila kuongeza kifaa kingine.

Krenki

Krenki ya Phoenix hushikwa na kotapini, na kelele ya "tak" inayosikika kila unapokanyaga ni ishara kwamba kotapini imeanza kubonyea. Usiilazimishe kwa kukaza nati. Kazi ya nati ni kuizuia pini isitoke. Kinachoiingiza ni nyundo. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya uzi, egemeza krenki juu ya gogo au kipande cha bomba ili pigo lisifike kwenye gololi, piga mara chache kwa uthabiti badala ya kugonga gonga, pini itatoka. Ingiza mpya kwa nyundo vilevile, kaza nati, endesha kilomita chache, kisha ugonge na kukaza tena. Pini za pande mbili huingia kwa mielekeo ya kupishana. Ukiziingiza kwa mwelekeo mmoja, krenki hazitakaa mstari mmoja na utahisi pedali moja iko nyuma ya nyingine. Nenda dukani na pini ya zamani mkononi, kwani kuna za milimita 9 na za milimita 9.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukurudisha.

Krenki ya baiskeli ya gia hukaa juu ya ekseli ya pembe nne na kushikwa na bolti. Ikiwa imekazwa vema haidai chochote kwa miaka. Ikiendeshwa ikiwa imelegea hata kwa siku chache, tundu la alumini hupanuka na haliwezi tena kushika. Hapo hakuna pini ya kubadilisha, ni krenki nzima. Kuitoa kunataka kile kifaa cha kuvutia, na anayejaribu kuitoa kwa nyundo huondoka na krenki iliyopinda.

Gololi, ambazo hazina upande

Watu hudhani sehemu za ndani za baiskeli ya gia ni za kitaalamu zaidi. Habu nyingi za zamani za aina zote mbili zina gololi za ukubwa uleule: nyuma 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 kila upande za 3/16 ya inchi. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, angalia kama koni (nati iliyochongoka ambayo gololi huzunguka juu yake) ina mashimo, weka grisi mpya na gololi mpya zote kwa pamoja, kisha kaza koni mpaka gurudumu lisicheze na lisigome. Kwenye krenki kumbuka kwamba, kwa baiskeli nyingi za Kiingereza na zilizofuata vipimo vyake, kikombe cha upande wa mnyororo kina uzi wa kinyume, kama ilivyo kwa pedali ya kushoto.

Magurudumu na pancha

Matairi ya Phoenix ni ya 28 x 1 1/2, na ubavuni utaona namba 635, ambayo ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Ya baiskeli ya gia yenye inchi 26 ni 559. Tahadhari: zipo baiskeli za Japani na Ulaya zenye tairi la 26 x 1 3/8, ambalo ni 590, na ingawa dukani yote yataitwa ishirini na sita, moja haliwezi kuingia katika rimu ya jingine. Soma namba ya tarakimu tatu, usiridhike na inchi. Rimu nayo, ukibadilisha, hesabu matundu: Phoenix nyingi zina spoku 40 nyuma na 32 mbele, wakati za gia huwa 36 au 32 kote.

Kuliondoa gurudumu la nyuma la Phoenix ni kazi ya kuudhi, kwa sababu nati zilezile za ekseli zimebeba stendi, keria na vyuma vya madigadi, na upinde wa breki uko njiani. Kwa hiyo pancha huzibwa gurudumu likiwa palepale: unailaza baiskeli, unatoa upande mmoja wa tairi, unavuta tyubu nje mahali penye tundu, msasa, solusheni, kiraka. Ikiwa upepo unapungua polepole na huoni tundu, anza kwenye valvu. Ina kimpira chembamba kinachochakaa kwa joto, na kukibadilisha ni kazi ya dakika moja. Gurudumu la baiskeli ya gia hutoka kwa haraka, na valvu yake mara nyingi ni kama ya gari, kwa hiyo hata kituo cha mafuta kitakujazia. Zile zenye valvu nyembamba ya Kifaransa zinahitaji kiunganishi, ambacho ni vema kikae mfukoni daima.

Mafuta na kutu

Kwa zote mbili, oili kidogo ndani ya viungo vya mnyororo na kitambaa cha kuufuta nje ni bora kuliko oili nyingi, kwa maana vumbi likichanganyika nayo linasaga chuma. Oili chafu iliyomwagwa gereji ina chembe za chuma, na mafuta ya kupikia huganda. Wakazi wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, wana jambo la ziada: nguzo ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma hushikana kwa chumvi mpaka isitoke. Itoe mara mbili kwa mwaka na uipake grisi. Phoenix, yenye nguzo ya chuma, huota kutu waziwazi na kukupa muda wa kuiona.

Uchaguzi

Anayeishi Ifakara, Tabora, Shinyanga au popote penye tambarare, akibeba madumu ya maji, gunia au abiria, na akiwa mbali na maduka makubwa, ninamshauri achukue Phoenix bila kusita. Uzito wake wa kilo 20 hivi hautamsumbua, na hakuna kitu ndani yake kitakachomsimamisha zaidi ya siku moja. Anayeishi Lushoto, Mbeya, Bukoba au kwenye vilima vya Mwanza hana sababu ya kujitesa. Breki peke yake zinatosha kuamua, kabla hata hujafikiria kupanda. Achukue ya gia, lakini iwe ya fremu ya chuma, isiyo na springi, hasa za nyuma, kwani viungo vya springi vilivyolegea havina dawa ya nyumbani.

Baiskeli za Japani za kikapu mbele ziko katikati: nyingi zina gia moja au tatu zilizofichwa ndani ya habu, mnyororo uliofunikwa, na breki ya nyuma iliyo ndani ya kibati, isiyojali mvua. Hazidai matengenezo mengi. Sehemu ya ndani ya habu ikifa, hata hivyo, ni vigumu kuifufua nyumbani, na tairi lake mara nyingi ni lile la 590.

Kabla ya kutoa pesa, yoyote utakayochagua, inua gurudumu na ulizungushe ukitazama juu yake na pembeni mwake. Shika krenki zote mbili uzitikise kuelekea fremu. Bana breki ya mbele usukume baiskeli mbele uone kama foku inacheza shingoni. Jaribu kushusha kiti. Kwa ya gia, pitisha kila gia huku gurudumu likizunguka hewani, na usikubali jibu la kwamba inahitaji kurekebishwa kidogo tu mpaka uwe umechuchumaa nyuma yake na kuuona mkono wa gia umekaa wima.